Kunde za Kadzo

Msambweni, tarehe 20 Mfungo Mosi, mwaka wa Wazungu 1954

Kwa mwanangu Mwanapili,

Anayekuandikia ni babako Chirau, mwenye miaka sabini kasoro kidogo. Vita vya Mbaruku vilipopita Gazi nilikuwa nachunga mbuzi, na nimevizidi umri. Ndui ilinipitia ikaniachia uso huu unaoujua. Vita vya Mjarumani nilibeba mzigo mpaka nchi ambazo hata walionituma hawakuzijua majina, nikarudi, na wengi niliokwenda nao hawakurudi. Nzige wa kwanza nimewazika na nzige wa pili nimewazika. Wake wawili nimewazika, Mungu awarehemu, wa mwisho ndiye mamako Mishi. Nayaandika haya ujue ni nani anayesema nawe, maana siku ya Idi wewe na mumeo Abdurahman mlinitazama kama watu wanaotazama ukuta unaotaka kuanguka.

Hujambo wewe? Mumeo hajambo? Mimi mzima. Nala, nalala, naamka kabla ya jogoo.

Ahadi yangu siikimbii. Nilisema mbele yenu, na Dzombo muuza samaki akisikia: siku wadudu watakaponishinda katika bustani ya mamako, nitakunja mkeka wangu nije Mombasa, nikae kwenu Majengo nihesabu baiskeli zinazopita. Basi zihesabu wewe mwenyewe. Bamia zangu zimesimama kama askari wa gwaride, na mchicha nikiukata leo, kesho wanicheka umerudi.

Nina swali, lakini si langu. Ni la jirani Kadzo, yule Mduruma mwenye mbuzi. Kunde zake zimejikunja majani, nchani zimesinyaa. Juu ya majani vimo vidudu vyekundu, vya mviringo, vidogo kama punje ya choroko, vina madoa meusi mgongoni. Nimekwisha kumwambia hao ndio wezi. Kila asubuhi nawaponda, yaani namsaidia kuwaponda, mpaka vidole vyanuka. Lakini kunde zazidi kuharibika. Mamako alikuwa akifanyaje? Si kwamba sijui. Nataka Kadzo aone kwamba hata wewe wajua.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, sikumwomba mtu.

Babako,
Chirau


Majengo, Mombasa, 3 Julai 1954

Baba yangu, shikamoo.

Barua yako Dzombo ameileta inanuka papa, nikaifurahia hivyo hivyo. Sisi wazima. Abdurahman anakusalimu sana. Nilimsomea yote, akacheka pale pa ukuta.

Mpe pole Kadzo kwa kunde zake. Nilipokuja Idi hakuwa na mche hata mmoja, maana mbuzi wake wangemwachia mche gani? Lakini Mungu ni mkubwa, pengine mbuzi wameacha kula.

Sasa nisikilize, baba, na umwambie Kadzo. Wale wekundu wasiguswe. Mama hakuwa akiwagusa. Nilipokuwa mtoto niliwakusanya kwenye kifuu, nikafurahi nao, mama akanipiga mkono akanirudisha mpaka kwenye kunde nikawaachilie mmoja mmoja. Akaniambia, "Hawa vibarua wangu, na chakula chao ndiyo ile takataka inayokula kunde zako. Wewe ukiwafukuza utafanya kazi yao?"

Mdudu mwenyewe ni mwengine. Ni mdogo, mweusi, hukaa chini ya jani na kwenye ncha changa. Hukaa wengi, wamebanana kama ufuta uliomwagika. Wanafyonza, ndiyo maana jani hujikunja. Na utaona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, maana wale weusi hutoa utamu na sisimizi huufuata. Geuza jani, baba, uniambie umeona nini.

Na ahadi ni ahadi. Chumba cha uani kipo, nimekifagia na kukitilia kitanda cha kamba. Dirisha lake laelekea msikitini. Wadudu wakikushinda usione haya.

Mwanao,
Mwanapili


Msambweni, tarehe 14 Mfungo Pili 1954

Mwanangu Mwanapili,

Salamu nyingi, za kwako na za nyumba yako. Mimi mzima kuliko wewe.

Jani nimeligeuza. Chini yake hamna kitu. Nimegeuza majani ya tuta zima, hamna kitu, safi. Ila lanata kama mkono wa mtu aliyekula halua, na vidole vyangu vimekuwa vyeusi. Hao ufuta uliomwagika nadhani wako Mombasa. Huku wapo wekundu, na wekundu nawaponda. Mamako alikuwa na huruma nyingi, hata paka wa watu alikuwa akiwapa dagaa.

Dzombo hana kifua. Amekwenda kumwambia Kadzo habari za barua, basi huyo akaja mpaka kwenye ua, kashika kiuno.

"Mzee Chirau, nimesikia huko Mombasa kwamba nina kunde."

Nikamwambia, "Unazo."

"Basi nimekuja kuchuma."

"Chuma," nikamwambia, "lakini na wadudu wako uwachukue."

Akasimama akinitazama nikigeuza majani, nimelishika jani mbali na uso, mkono umenyooka. Akacheka mpaka mbuzi wakageuka. "Mzee, hilo jani walitazama au wamwonyesha mtu aliye kisiwani Funzi?" Mwanamke yule hana adabu. Mumewe Rai namhurumia.

Jambo jingine, na hili ni langu mwenyewe. Miche ya mabiringani niliyoipandikiza imekatwa shingoni. Nalala iko wima, naamka imelala chini kama nyasi, imekatwa sawasawa kama kwa kisu. Nikasema ni watu. Nimekaa mlangoni na panga, hakuja mtu, na asubuhi mengine chini. Kama ni mdudu, ni mdudu mwenye chuki na mimi.

Sipati kutulia. Naingia ndani natoka, nakwenda kwenye tuta narudi. Lakini usije ukadhani nimeshindwa. Nilivuka mto wenye mamba na gunia la mchele kichwani, niogope mdudu nisiyemwona?

Babako,
Chirau


Majengo, Mombasa, 24 Julai 1954

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii yakukuta na afya. Nimeisoma yako mara nyingi, na safari hii sikucheka.

Wasema chini ya jani hamna kitu, na wasema jani lanata na kidole kimekuwa cheusi. Baba, hao wapo. Ulichopaka vidoleni ni wao. Huwaoni. Wale wekundu wawaona kwa kuwa ni wekundu. Wewe umeua askari wote ukawaacha wezi, kwa sababu askari ndio waliovaa nguo ya kuonekana.

Nakuuliza kwa adabu: uzi waweza kuutia kwenye sindano? Kurani waisoma, au wasoma ile uliyoihifadhi?

Kunde fanya hivi. Alfajiri, umande ungali kwenye majani, chukua jivu la kuni lililochekechwa uwarushie, juu na chini. Jivu litashika kwenye umande. Ncha zilizojikunja sana zikate uzitie kwenye maji ya moto, usizitupe pale pale. Wadudu wakirudi, loweka tumbaku usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza kwa ufagio wa chelewa, na usichume mboga hiyo kwa siku kadhaa. Wekundu waache, nakusihi.

Na mabiringani si watu wala si chuki. Ni mnyoo mnene wa rangi ya udongo. Usiku hutoka akakata, mchana hujificha hapo hapo. Asubuhi ukikuta mche umelala, fukua kwa kidole pembeni ya shina, utamkuta amejikunja kama pete. Mama alikuwa akiwapa kuku.

Baba, mtu asiyemwona mdudu atamwonaje nyoka? Ahadi uliitoa mwenyewe. Mwezi ujao nitamwomba Abdurahman ruhusa nije nikuchukue.

Mwanao,
Mwanapili


Msambweni, tarehe 6 Mfungo Tatu 1954

Mwanapili,

Salamu. Mimi mzima, na macho yangu mazima, na aliyekufundisha kumwuliza babako habari za sindano simjui.

Macho! Jana nilisimama ufukoni na Dzombo, nikakiona kisiwa cha Funzi, nikaona na mtu huko anaanika wavu. Dzombo akaniuliza, "Wapi?" Kijana wa miaka arobaini haoni! Basi mpelekee yeye hiyo sindano.

Sasa sikiliza ushindi. Alfajiri nimerusha jivu, mpaka Kadzo akauliza kama nyumba imeungua. Na kwa kuwa ninyi mwadhani vita ni vya macho peke yake, mimi nimevipiga kwa vidole. Nashika ncha ya mche hivi, polepole. Ikiwa nzima ni laini kama sikio la mtoto. Ikiwa na wale watu wako ina vipele vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Hapo nakata, natia chunguni. Sikuona hata mmoja na nimewaua wote. Nani mwengine awezaye?

Yule wa mabiringani nimemfukua. Amejikunja kweli, mnene, baridi. Nimemweka kiganjani nikamwambia, "Kumbe ni wewe." Jogoo akammeza. Sasa kila mche nimeuvika kola ya jani la mgomba, imezama ardhini kidole kizima, na hakuna uliokatwa tena. Hiyo kola ni akili yangu, si ya mamako.

Wekundu nimewaacha. Si kwa sababu umesema. Nimechoka kunuka vidole.

Kadzo sasa asema kunde ni zake kweli, maana Mombasa nzima yajua. Aja na ungo, achuma, ashukuru.

Basi ruhusa usiombe. Mwambie mumeo kwamba Chirau haugui, hapungukiwi, wala hahitaji mtu wa kumtazama. Msomee barua hii yote, na pale pa Funzi umsomee mara mbili.

Babako,
Chirau


Msambweni, tarehe 3 Mfungo Tano 1954

Mwanangu Mwanapili,

Je, u mzima? Mumeo je? Idi Kubwa imepita bila neno lako. Mwaka mpya wa Kiislamu umeingia bila neno lako. Nikasema labda barua imepotea kwenye kivuko pale Likoni, lakini Dzombo asema alikupa mkononi, na ulipoipokea hukumkaribisha ndani. Wewe, usimkaribishe Dzombo?

Nimempa kikapu akuletee. Kunde kavu nimezipura mwenyewe, bamia, mabiringani. Kata biringani lolote utakalo, ukikuta mnyoo ndani niite mwongo mbele ya msikiti. Matango machache nzi aliyatoboa, nikayazika yote yaliyoanguka na mengine nikayavisha makuti yangali machanga. Hayo nayo nimeshinda.

Lakini nitakuambia jambo. Barua zako zote zilikuwa na kile chumba. Njoo, baba, chumba kipo, dirisha laelekea msikitini. Mimi nilikuwa nakasirika na kujibu, na kukasirika kulinikalia vizuri. Sasa huniiti. Mbona huniiti?

Basi la Mombasa likipita naliendea mpaka barabarani, nasimama, nasema nangoja chumvi. Kadzo ameniambia, "Mzee, chumvi hiyo yakuandikia lini?"

Niandikie hata mstari mmoja.

Babako,
Chirau


Majengo, Mombasa, 17 Oktoba 1954

Baba yangu, shikamoo.

Kikapu nimekipokea. Biringani nimelikata kwa kisu cha mama, ndani lilikuwa jeupe, nikalia kidogo, usinicheke. Nisamehe kwa kunyamaza.

Kile chumba usikifikirie tena, baba. Kimepata mtu.

Nataka kukuuliza, makuti ya lile banda la jikoni la mama yangali yanazuia mvua? Na kitanda chake ulimpa mtu, au kipo?

Mwezi uliopita niliomba ruhusa nije nikutazame. Abdurahman akasema, "Ukamtazamie nini? Si ndiye mwenye kuona wavu wa Funzi? Si umenisomea mwenyewe, mara mbili, kwamba hahitaji mtu?" Nikitoka bila ruhusa yake atasema nimetoroka, na haki yangu yote itakwenda, na wewe utakaa barazani pa watu ukisikia bintiyo ametoroka kwa mumewe. Hilo sitaki likupate.

Mimi mzima. Msalimie Kadzo, mwambie kunde zake ni tamu.

Mwanao,
Mwanapili


Msambweni, tarehe 24 Mfungo Tano 1954

Mwanangu,

Karatasi hii ndogo Dzombo atakutia mkononi ukiwa peke yako. Isome, uitie jikoni. Ile kubwa atampa mumeo.

Dzombo nimemkalisha nikambana mpaka akasema yote. Kwamba mke mpya yumo kwenye kile chumba, juu ya kile kitanda cha kamba, na wewe walala ukumbini kwa mkeka tangu Mfungo Nne. Mumeo kuoa ni haki yake, dini imempa. Haki ya kukulaza ukumbini hakupewa na mtu. Nami ndiye niliyekufungia mlango kwa huu mdomo wangu.

Makuti yanazuia mvua. Kitanda cha mamako kipo, nimekaza kamba jana.

Nilikwenda kwa Maalim Salimu wa chuo cha Kurani nimwombe ashuhudie kwamba wadudu wamenimaliza. Akaniambia, "Mzee Chirau, mimi sishuhudii uongo. Kunde zako mpya naziona kutoka hapa, zimejaa." Mvua ya vuli imezipendeza, ni kweli, sijapata kuwa na kunde kama hizi. Nikarudi. Nikazunguka matuta nikizishika ncha zote, laini. Halafu nikauvunja ua upande wa Kadzo, nikamwita nikamwambia alete mbuzi.

Akasema, "Mzee una homa?"

"Lete mbuzi, Kadzo. Kunde si zako?"

Akanitazama, akaelewa, maana naye ana binti aliyeolewa Vanga. Akawaleta, akasimama nami mpaka wakashiba. Hakunitania hata neno moja, na hilo ndilo lililonitia uchungu.

Mbegu zipo. Za kunde, za bamia na za mabiringani, zimo kwenye chupa ndani ya jivu, juu ya kitanda chako. Mvua haijakwisha.

Mumeo akisoma ile kubwa, usicheke. Wewe tangu utotoni hujui kujizuia.

Babako


Msambweni, tarehe 24 Mfungo Tano 1954

Kwa mwanangu Mwanapili, mbele ya mumeo Abdurahman, na naomba aisome yeye kwa sauti.

Ama baada ya kuwatakia afya njema, mimi sina hali. Anayeandika ni Chirau, mwenye miaka sabini kasoro kidogo, aliyevizidi vita viwili na ndui na nzige mara mbili, na sasa ameshindwa katika bustani ya mboga. Niliyoyaandika kwanza yalikuwa majivuno. Wale weusi wa chini ya jani sikuwaona hata siku moja. Nilimwua rafiki nikamwacha adui kwa sababu macho yangu hayamjui adui akiwa karibu. Uzi kwenye sindano siutii. Barua za mwanangu nilikuwa nazishika mbali na uso mpaka mkono ukichoka. Habari ya wavu wa Funzi niliisema kwa sauti kubwa ili nisiulizwe habari ya kitu kilichoko mkononi mwangu.

Kunde zangu zimeliwa mpaka mashina. Ua wangu umevunjika. Mumeo akitaka kuja kutazama, aje, njia haijafungwa.

Niliahidi kwamba nikishindwa nitakunja mkeka nije kwenu. Ahadi ni yangu na siikatai. Lakini nasikia chumba kimepata mtu, na mzee asiyeona hawezi kulazwa ukumbini. Hilo najua Abdurahman, mtoto wa watu, hatalikubali limpate mtu wa nyumba yake. Basi namwomba ruhusa binti wa marehemu Mishi aje anitazame mimi. Aje na sanduku lake lote na sahani zake na kisu cha mamake, maana maradhi ya macho hayana siku ya kupona. Dzombo atamngoja Alhamisi kwenye kivuko, upande wa Likoni, na atapanda naye basi mpaka hapa.

Sina la kuapa zaidi. Mashahidi wangu wapo hai, waulizwe. Dzombo muuza samaki, ambaye kila siku namwuliza ni samaki gani aliyenipa. Maalim Salimu wa chuo, ambaye jana alinifungulia Kurani nisome, nikaishika juu chini, akaigeuza. Na Kadzo mke wa Rai, mwenye mbuzi, aliyesimama pale na kuona kwa macho yake mwenyewe jani la mwisho likiliwa. Huyo hawezi kuwa na sababu ya kusema uongo. Kunde zilikuwa zake.

Babako,
Chirau